Miaka sita nafunga mizigo ya kreni sina karatasi yoyote, cheti cha riga napata wapi na hiki cha siku mbili kina maana?

Riga_Mlandizi

Wakuu habari za muda huu. Naomba niende moja kwa moja maana simu ina chaji kidogo. Mimi nilianza kama kibarua kwenye mradi wa reli ya SGR huku Pwani, kazi ya kwanza kubeba mbao, baadae kuna fundi mmoja alikuwa anafunga mizigo ya kreni akanipenda akanivuta nikawa helpa wake, yeye alipoondoka mimi nikabaki ndo riga mwenyewe. Toka hapo nimezunguka saiti tano, nimefunga maboriti ya chuma, vizimba vya nondo za nguzo, majenereta, hata lile pipa la kumwagia zege ghorofani. Ishara za mikono najua zote, redio naongea, mikanda naijua kwa rangi. Sijawahi kuangusha mzigo hata siku moja namshukuru Mungu.

Sasa juzi nimeenda saiti mpya Dar, fomeni kaniangalia kaniuliza cheti kiko wapi, nikamwambia mkuu kazi naijua nipe mzigo wowote nikufungie, akasema hapa bila cheti hukaribii kreni, nikapelekwa kuchota mchanga. Yaani mimi nachota mchanga halafu namuona kijana anafunga mkanda umejisokota kama kamba ya ng'ombe, roho inaniuma lakini yeye ana kadi shingoni.

Kwenye grupu la WhatsApp kuna mtu anatangaza kozi ya riga na signomeni (mpiga ishara wa kreni) siku mbili, laki mbili na nusu, unapewa cheti na kadi yenye picha, anasema inatambulika kimataifa. Ukiwa mbali unafanyia kwenye simu. Naombeni ushauri, nitoe hiyo hela au kuna njia nyingine? Na je nikitaka baadae niwe opareta kabisa niendeshe kreni mwenyewe, hicho cheti cha riga kinanisogeza au ni kitu kingine? Nina familia, siwezi kukaa chuo mwaka mzima.

Mzee wa Kabini

Kijana kwanza pole na hongera. Pole kwa mchanga, hongera kwa miaka sita.

Mimi nimekaa kabini tangu enzi zile kreni nyingi zilikuwa hazina kompyuta ya kukwambia umezidisha, unasikiliza injini na unaangalia mguu wa nyuma kama umeanza kuwa mwepesi, na nakwambia riga ni nusu ya roho yangu. Mimi kule juu sioni ulichofunga, naona mkono wako tu. Kwa hiyo usilione hilo la cheti kama fomeni anakuonea, hakujui, na mzigo ukianguka yeye ndo anaulizwa nani alimruhusu huyu.

Ila kozi ya kwenye simu? Mkanda unashikaje kwenye simu? Unahisije pini ya shakoli, ile pete ya chuma ya kuunganishia mkanda, imekaza au imebaki uzi mmoja? Mimi hiyo hela ningenunulia mchele.

Riga na opareta ni kazi mbili tofauti, vyeti viwili tofauti. Ukiwa riga mzuri utakuja kuwa opareta mzuri sana kwa sababu utajua anayehangaika chini anahangaika na nini, lakini cheti cha riga hakikuweki kwenye usukani. Opareta anahitaji leseni ya udereva yenye daraja la mitambo, halafu mafunzo ya aina ya kreni yenyewe. Kuendesha ile ya matairi hakukufanyi ujue mnara wa ghorofani. Wanaofundisha mitambo hapa nchini wapo, NIT pale Mabibo, ICoT Morogoro, na Chuo cha Bandari kwa mitambo ya bandarini.

Sasa kabla sijakwambia mengine nikupime kidogo, usigugo. Swali la kwanza, bamba la chuma urefu mita 2, upana mita 1.5, unene milimita 20, lina uzito gani? Swali la pili, una mikanda miwili ya njano, kila mmoja mita 2, una boriti ya tani 4, umefunga mkanda huku na mwingine huku, ndoano ya kreni iko mita moja tu juu ya boriti. Unanyanyua au hunyanyui?

kadi_inang'aa

Mimi hicho cha siku mbili ninacho hahaha. Kadi nzuri kweli, ina hologramu, ina picha yangu nimevaa kofia ya njano. Siku ya kwanza tuliangalia video, siku ya pili tukapiga picha na shakoli moja tukipokezana watu kumi na nane, kila mtu anaishika anapigwa picha anampa mwenzake. Kazi nilipata kweli, nikakaa wiki tatu, akaja mkaguzi wa mteja akachukua namba ya kadi akaenda kuiangalia kwenye tovuti iliyoandikwa nyuma, tovuti haifunguki. Akapiga simu, inaita tu. Nikarudishwa nyumbani na wenzangu wanne. Kwa hiyo mkuu laki mbili na nusu yangu ilinipa wiki tatu za kazi na picha ya WhatsApp, hesabu mwenyewe.

Sefti_Kanda_ya_Ziwa

Mkuu Riga_Mlandizi mimi ni sefti ofisa, nimefanya miradi ya huku Ziwa, ngoja nikueleze sisi tunaangalia nini mtu akituletea cheti, maana wengi wanadhani tunaangalia muhuri.

Cha kwanza naangalia nani alimpima, sio nani alimfundisha. Kituo chenye maana kitakuwa na jina la mpimaji, tarehe, namba ambayo naweza kuihakiki, na kitaandika umepimwa kwenye nini. Cheti kinachosema tu "amehudhuria" ni cha mahudhurio, sio cha umahiri, hivyo viwili watu wanavichanganya kila siku. Cha pili naangalia kinaisha lini. Kadi nyingi za maana zina mwisho wake, ukiona imeandikwa ya maisha jiulize. Cha tatu, na hiki hakuna anayekitarajia, nampeleka mtu kwenye kontena la vifaa namwambia nichagulie mikanda ya kunyanyulia ile jenereta pale. Asilimia kubwa ya wenye kadi wanachukua ulio karibu na mlango. Riga wa kweli anaugeuza kwanza kutafuta lebo, anaupitisha mkononi wote kutafuta uliokatika uzi, ulioungua, uliolowa kemikali. Ukikosa lebo anautupa pembeni bila kuniuliza. Hapo nishajua.

Kwa wewe mwenye miaka sita usianze upya. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, mtaani wanaita kurasimisha ujuzi, huo ndo umetengenezwa kwa watu kama wewe. Hukai darasani mwaka mzima, wanakupima unachokijua kwa vitendo na maswali, penye mapengo wanakujaza, unapata cheti. Fani hazifanani kila chuo kwa hiyo usiulize mtandaoni, nenda chuo cha VETA kilicho karibu na wewe ongea nao dirishani uwaambie unafanya nini hasa, ufungaji wa mizigo na uongozaji wa kreni, wakuelekeze fani ipi na kituo kipi. Kabla hujaenda kusanya ushahidi, barua kutoka saiti ulizofanya hata kama ni ya supavaiza tu, picha ukiwa kazini, kitambulisho cha saiti, daftari kama uliandika. Watu wanafanya kazi miaka kumi hawana hata karatasi moja inayoonyesha walikuwepo.

Halafu usisahau vipimo vya afya. Sheria yetu ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wanalifuatilia hilo, na kwa riga macho na masikio ni nusu ya kazi. Kuna jamaa alikuwa riga mzuri sana ila haoni vizuri mbali, kumbe miaka yote alikuwa anakisia.

mtu_wa_Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu mambo yako hivo hivo ndugu yangu, usidhani ni Bongo peke yake. Mimi nilikuwa kazi za mikono pale kwa yadi ya makontena, nikafanya grade test ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani huku Kenya, unaanza Grade III ndio ya chini halafu II halafu I, na kwa mitambo wengi wanaenda chuo cha KIHBT ama hapa kwetu Bandari Maritime Academy. Ile grade test si kukaa class sana, unaenda unafanya practical mbele ya mtu anakutazama, ukiboronga umeboronga. Wallahi nliingia nikijua kila kitu nikatoka jasho limenilowa mpaka viatu. Mtu aliniuliza shakoli ukifunga pini mpaka mwisho unairudisha nyuma kidogo ama hapana? Kwa yadi sisi sote tulikuwa tunairudisha robo ili isigande. Kumbe mtu wa pini ya kukaza kwa mkono anatakiwa akaze mpaka ikae kabisa, asirudishe, ile ya kurudisha ni tabia tumerithishana tu hakuna anayejua ilitoka wapi.

Kwa hivo mtihani si wa kukunyima kazi, utakutoa tabia mbovu ambayo hata hukujua ni mbovu. Miaka sita hujaangusha mzigo ni kitu kizuri lakini pia inaweza kuwa bahati bwana, usinikasirikie.

Nipo_Ghuba

Nasoma hapa nimetoka shifti, joto huku leo si la mchezo.

Nyinyi mnaotaka kuja Ghuba sikilizeni. Hilo neno "inatambulika kimataifa" halina maana yoyote huku. Kila mteja mkubwa ana orodha yake ya makampuni ya ukaguzi anayoyakubali, kama kadi yako haijatoka kwenye mojawapo unapimwa upya hata uje na cheti cha mfalme. Saudia kwa wale wa mafuta mariga wamegawanywa madaraja matatu, wa tatu ndo mdogo, wa kwanza ndo anaaminiwa mizigo ya hatari, na huwezi kuruka. Mimi nilikuja na barua ya miaka minane kutoka nyumbani nikawekwa wa tatu. Niliumia. Baada ya mwaka na kitu nikapanda.

Wengi huku wanafuata ya Waingereza, ile kanuni yao ya vifaa vya kunyanyulia, LOLER ya 1998, kreni inakaguliwa angalau kila miezi 12 lakini mikanda, minyororo, shakoli, vyote vya kufungia ni kila miezi 6. Kwa hiyo kila miezi sita wanabadilisha rangi, wanapaka rangi mpya kwenye kifaa kilichopita, ukikutana na shakoli yenye rangi ya msimu uliopita unairudisha stoo hata kama inang'aa. Hiyo rangi ya ukaguzi msiichanganye na rangi ya mkanda wenyewe, ile ya zambarau tani 1, kijani 2, njano 3, kijivu 4, nyekundu 5. Na hata hiyo rangi mimi siiamini, naamini lebo, kuna mikanda ya bei poa rangi nyekundu ukisoma lebo tani 3.

Kingine, huku upepo ni kitu kingine. Wakongwe bado wanaongelea kreni ya Makka, Septemba 2015 pale Msikiti Mtukufu, upepo ulipiga bumu ndefu, yaani mkono wa kreni, iliyokuwa imeachwa juu, ikaanguka watu zaidi ya mia moja wakafa. Ilitakiwa ilazwe chini wakati haitumiki. Kwa hiyo huku wakisema kasi ya upepo imefika ya kitabu cha hiyo kreni, unashusha unakaa kwenye kivuli, hakuna fomeni wa kukwambia malizia huu mmoja. Na hata riga mdogo kabisa akinyoosha ishara ya simama, opareta anasimama, hata kama sio riga wake. Hata mfagiaji.

Riga_Mlandizi

Asanteni sana wakuu, nimesoma zote mara mbili. @mtu_wa_Likoni sijakasirika lakini imenichoma kidogo, hiyo ya kurudisha pini robo na mimi nafanya, nilifundishwa na yule fundi.

Mzee wa Kabini najibu mtihani. La kwanza, mita 2 mara 1.5 ni 3, mara 0.02 unapata 0.06 ya ujazo. Chuma mita moja ya ujazo nilikariri ni karibu kilo 7850, kwa hiyo kilo 471. Hiyo nina uhakika. La pili, mkanda wa njano tani 3, miwili tani 6, mzigo tani 4, nanyanyua tena nafasi imebaki. Kwani kuna mtego?

Mzee wa Kabini

La kwanza umepata kijana, wengi wenye kadi hapo wanakisia kwa macho. Zege nayo kariri, mita moja ya ujazo kama tani 2.4, usisahau na uzito wa pipa.

La pili umeua mtu.

Nikueleze taratibu maana mimi mwenyewe niliwahi kunyanyua huo huo. Ilikuwa boriti la chuma, riga wetu kaleta mikanda mifupi kwa sababu mirefu ilikuwa saiti nyingine, na mimi nilikuwa na haraka, sikuuliza. Mkanda ukining'inia wima, kila mmoja unabeba nusu, tani 2. Lakini ukiutanua unakuwa unavuta boriti pembeni kama watu wawili wanavutana kamba, na kadiri unavyolala ndivyo unavyoumia. Hesabu yake haina ufundi, chukua nusu ya mzigo, zidisha na urefu wa mkanda, gawanya na kimo kutoka boriti mpaka ndoano. Kwako ni tani 2 mara mita 2 gawa kwa mita 1. Tani 4. Kwenye mkanda wa tani 3. Kila mmoja.

Wetu haukukatika pale pale kwa sababu mkanda mzima kiwandani unatengenezwa kukatika kwa mara saba ya kilichoandikwa, na hiyo ndo inayowadanganya watu, wanazidisha leo haukatiki, kesho haukatiki, wanasema mbona unabeba. Ila ncha ya boriti ilikuwa kali na hatukuweka kitu chochote pale pembeni, hata kipande cha mpira. Mkanda ukivutwa hivyo kwenye ncha ni kama nyama kwenye kisu. Nilinyanyua kama nusu mita, nikasikia sauti kama mtu anachana shuka. Upande mmoja ulishuka, boriti likatua kwenye mbao, hakuna aliyeumia kwa sababu kuna mzee mmoja mpiga ishara alikuwa ameshawafukuza watu wote mbali kabla sijaanza, na mimi moyoni nilikuwa nimemlaani anapoteza muda. Tulivyoenda kuangalia ulikuwa umebaki upana wa vidole viwili.

Njia ya saiti isiyohitaji kikokotoo hii hapa. Nafasi kati ya pointi mbili ulizofunga isizidi urefu wa mkanda mmoja. Ikilingana pande zote tatu ziko sawa, nyuzi 60, boriti lako la tani 4 kila mkanda unabeba kama tani 2.3, mikanda ya njano inatosha. Ukiona nafasi ni kubwa kuliko mkanda, tafuta mkanda mrefu au muite mtu alete boriti la kutanulia.

Sefti_Kanda_ya_Ziwa

Nakazia hapo kwa Mzee, na ukifunga kitanzi, yaani mkanda unajikaba wenyewe, punguza kama asilimia 20 ya kilichoandikwa kabla hujaanza kuhesabu pembe. Kwenye lebo nzuri namba zote zipo, wima, kitanzi, kikapu (mkanda unapita chini ya mzigo na ncha zote mbili zinarudi juu). Ndo maana bila lebo hamna mkanda.

Riga_Mlandizi

Mzee nimekaa kimya dakika nyingi hapa. Nimekumbuka lile jenereta la Chalinze, mikanda ilikuwa imelala kabisa, tukashangilia kabisa ilivyopanda. Sijui ilikuwaje tukasalimika.

Hela ya siku mbili nimeghairi. Jumatatu naomba ruhusa naenda VETA, kuna supavaiza wa saiti ya pili bado ana namba yangu amesema ataniandikia barua. Leo mchana wakati wa msosi nilichukua futi ya fundi seremala nikaenda pale kijana wa kadi anapofungia, nikapima mkanda wake mita 3, nafasi mita 4 na kidogo. Nikamuonyesha kwa kuchora chini kwa msumari, akaniangalia kama mwendawazimu, ila opareta alikuwa kashuka anakula karibu yetu akasogea akaangalia mchoro, akamwambia dogo lete mirefu.

Mzee wa Kabini

Safi. Sasa kwenye zile kilo 471 za bamba, ukija kuniambia uzito kabla sijanyanyua, ndoano yangu na mikanda na shakoli umeshazihesabu?

Riga_Mlandizi

Duh. Hapana.